Darasa la Sita hadi la Nane katika Shule ya Waldorf: Anayoyaona Mzazi kutoka Bagamoyo

Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki ninaokutana nao hapa Stuttgart huniuliza mara kwa mara kwa nini binti yangu hurudi kutoka shuleni akiwa na mkaa wa kuchorea vidoleni na vumbi la mbao kwenye sketi, ilhali watoto wao wa rika hilohilo hurudi na karatasi za majaribio zilizosahihishwa. Swali lao ni la haki, kwa sababu sote tulivuka bahari tukiamini kwamba elimu ndiyo urithi pekee tutakaowaachia watoto. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka 12 hadi 14 huelewa sayansi, historia na hisabati kwa kina zaidi anapozipitisha kwanza mikononi, machoni na masikioni, na kwamba shule inayoipa sanaa nafasi ya kufundishia, badala ya kuiachia saa za mabaki, inamtendea haki mtoto wa umri huo.

Shule za namna hii, ziitwazo Waldorf, zilianzia katika mji huuhuu. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa imetoka kushindwa vita, Emil Molt, aliyekuwa akiongoza kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alimwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aanzishe shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Ilifunguliwa mwezi Septemba mwaka huo katika kilima cha Uhlandshöhe ikiwa na wanafunzi 256, na jina la kiwanda sasa limebebwa na zaidi ya shule 1,000 duniani. Mtoto wa mfunga sigara aliketi na mtoto wa tajiri, na wavulana walisoma pamoja na wasichana, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika Ujerumani ya wakati ule. Utawala wa Wanazi uliifunga mwaka 1938, nayo ikafunguliwa tena vita vilipokwisha mwaka 1945.

Kuketi pamoja huko kuna uzito mkubwa kwetu wahamiaji. Katika jimbo la Baden-Württemberg shule ya msingi ya serikali huishia darasa la nne, na watoto wa miaka 10 hivi huanza kutenganishwa: wengine huenda Gymnasium, njia iliyonyooka zaidi kuelekea chuo kikuu, na wengine hupelekwa katika shule zinazoelekea ufundi na kazi za ofisini. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, ambaye Kijerumani chake cha maandishi bado hakijakomaa, hupimwa katika umri uleule ambao lugha ndiyo kikwazo chake kikubwa. Mwalimu mmoja wa shule ya kwanza ya binti yangu alituambia tusitarajie makubwa, ingawa hesabu zake zilikuwa nzuri, kwa sababu insha zake zilikuwa fupi. Shule ya Waldorf haiwatenganishi watoto mwishoni mwa darasa la nne. Darasa hubaki pamoja kwa miaka mingi, na kwa desturi mwalimu wa darasa huwa mmoja tangu la kwanza hadi la nane, kwa hiyo anayefundisha aljebra anajua nani alichelewa kusoma na nani alichelewa kuthubutu kuzungumza.

Jambo lililonishawishi kuliko yote ni jinsi somo lenyewe linavyofundishwa. Kila asubuhi huanza na somo kuu la takribani saa mbili, na mada moja hushikiliwa kwa wiki tatu au nne kabla ya kuipisha nyingine. Fizikia huanza darasa la sita, nayo huanza na sauti, kwa kuwa sauti ni kitu ambacho watoto wamekwisha kukizoea kwa kuimba na kupiga ala. Mwalimu hunyunyiza mchanga laini juu ya bamba jembamba la chuma lililobanwa katikati, kisha husugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bamba linalia, mchanga unaruka na kukimbia sehemu zinazotikisika, unajikusanya pale palipotulia, na mistari inajipanga kuwa umbo kama la nyota. Mwalimu akigusa ukingo kwa kidole mahali pengine, mlio unabadilika na umbo nalo linabadilika. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alichapisha maelezo ya maumbo haya mwaka 1787, lakini siku ya jaribio watoto hawaambiwi jina lake wala kanuni yoyote. Wanatazama, wanachora walichokiona, wanakwenda nyumbani. Kesho yake wanasimulia upya kwa mpangilio, wanabishana juu ya kilichotangulia na kilichofuata, na ndipo darasa zima linapoitafuta kanuni. Baadaye hupewa uzi uliokazwa juu ya ubao na kugundua kwamba nusu yake hutoa noti ileile kwa sauti ya juu zaidi, na theluthi mbili zake hutoa noti nyingine inayopatana nayo vizuri, hivyo sehemu walizozihesabu kwenye karatasi sasa wanazisikia.

Kwa sehemu kubwa hawategemei kitabu cha kiada. Kila mtoto hujiandikia na kujichorea daftari la somo kuu, nalo ndilo kitabu chake cha mada ile. Binti yangu, ambaye insha zake zilikuwa fupi, alianza kuandika kurasa nzima chini ya michoro yake, kwa sababu safari hii alikuwa na kitu alichokiona mwenyewe na alitaka kukieleza sawasawa.

Kemia huja darasa la saba na huanza na moto. Huchomwa majani makavu, pamba, sufu na manyoya, na watoto hulinganisha mwali, harufu na majivu. Halafu hufuata chokaa: jiwe linachomwa kwa joto kali, likimwagiwa maji linachemka na kumong'onyoka lenyewe, na uji wake ukiachwa hewani hugeuka taratibu kuwa jiwe tena. Hapo nilikuwa na la kumwongezea mtoto wangu. Majengo ya kale ya pwani yetu, ya Kaole, Kilwa na Unguja, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale, yakipangwa juu ya rundo la magogo na kuwashwa moto. Alilichora rundo hilo kwenye daftari lake, akaeleza mbele ya darasa kwamba mafundi wa Pwani walikuwa wakifanya badiliko hilohilo la kemia karne nyingi zilizopita, na mwalimu akalitia katika somo la siku hiyo.

Historia ya darasa hilohilo ilinipa kazi ngumu zaidi, kwa maana mada ni safari za Wareno na Wahispania. Mahali ambapo hakuna kitabu cha kiada, masimulizi ya mwalimu yana nguvu kubwa, na Vasco da Gama akisimuliwa kama shujaa tu, watoto wataondoka na shujaa tu. Nilimwandikia mwalimu, kwa heshima, nikimkumbusha kwamba mwaka 1498 da Gama alipata rubani wa kumvusha hadi India pale Malindi, katika bandari ambayo tayari ilikuwa ikifanya biashara na Arabuni na India, na kwamba mwaka 1505 kikosi cha Wareno chini ya Francisco de Almeida kiliiteka na kuipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Alinialika nikasimulie. Watoto wa miaka 13 waliuliza maswali mazito kuliko niliyotarajia, hasa juu ya rubani yule na kama alijua alikuwa akiwafungulia njia watu wa namna gani.

Suala hili halitenganiki na jambo ambalo kila mzazi Mwafrika anapaswa kulijua kabla ya kuandikisha mtoto. Katika maandiko ya Steiner mna kauli zinazopanga watu kwa daraja za rangi, na kauli hizo ni za kulaumiwa bila kutafutiwa udhuru. Chama cha shule za Waldorf cha Ujerumani kilitoa tamko la kupinga ubaguzi mjini Stuttgart mwaka 2007, na falsafa ya Steiner haifundishwi watoto kama somo. Pamoja na hayo, mzazi aulize waziwazi, asikilize jinsi anavyojibiwa, na atazame picha na masimulizi ya watu weusi yaliyomo madarasani.

Kazi za mikono zimo kwenye ratiba ya wavulana na wasichana kwa usawa: kufuma, kuchonga mbao, bustani, na kufikia darasa la nane, cherehani. Mwaka huo wa nane darasa zima huigiza mchezo kamili, na katika shule nyingi kila mwanafunzi huchagua kazi moja ya mwaka mzima, akaitengeneza, akaiandikia na kuieleza mbele ya wazazi. Binti yangu amechagua kutengeneza ilimba ya Wagogo, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyoisikia Bagamoyo tulipokwenda likizo, mji ambamo Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Amevunja ubao mmoja, ameanza wa pili, na amelazimika kurudia hesabu za urefu wa vipande vya chuma ili milio ipatane.

Nikitazama ubao huo hukumbuka kipindi cha Stadi za Kazi katika shule ya mpwa wangu huko nyumbani, kilichokuwa kikimezwa na mazoezi ya hisabati kila mtihani wa taifa ulipokaribia. Linaniuma, kwa kuwa sisi hatukuhitaji Mjerumani atufundishe wazo hili. Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, dhidi ya shule inayomtenga mtoto na kazi na jamii yake na kuuabudu mtihani. Wapo wanaofuata mfumo wa Waldorf kwetu, kama Hekima jijini Dar es Salaam na shule ya Mbagathi karibu na Nairobi, lakini bamba la chuma, mchanga na upinde havihitaji ada kubwa, na mwalimu wa shule ya kata anaweza kufanya jaribio lile wiki ijayo.

Kwa wenzangu wa hapa wanaouliza juu ya gharama na vyeti: serikali hulipa sehemu ya gharama, wazazi huchangia, na shule nyingi hukadiria mchango kwa kipato, kwa hiyo ombeni mazungumzo kabla ya kukata tamaa. Alama za namba huchelewa na nafasi yake huchukuliwa na ripoti ya maandishi, jambo linalomtia wasiwasi mzazi aliyezoea kujua mtoto ameshika nafasi ya ngapi. Mitihani ya serikali ipo, ukiwamo Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari unaofungua mlango wa chuo kikuu, ambao kwa kawaida hufanywa mwaka wa 13, na maandalizi yake huongeza kasi kuanzia darasa la tisa, ambapo walimu wa masomo mahususi hushika hatamu. Mwakani binti yangu ataingia darasa hilo, na kabla ya hisabati za Abitur atapelekwa kwanza kufanya kazi shambani kwa mkulima.