Mchana Vikaragosi, Usiku Vichekesho: Siku Moja ya Meneja wa Jukwaa

Wengi wanaokuja ukumbini hawajui kama kuna mtu anayeitwa meneja wa jukwaa, na ndivyo inavyotakiwa. Igizo likishafunguliwa, mwongozaji huenda zake kutafuta kazi nyingine. Anayebaki nalo kila siku ni mimi, na skripti iliyojaa alama za penseli: taa iwake wapi, sauti iingie kwenye neno gani, pazia lishuke lini. Jumamosi ndiyo siku yetu ndefu. Mchana tuna vikaragosi vya watoto, usiku vichekesho vya watu wazima, na jukwaa ni hilo hilo.

Saa 3:00 asubuhi

Naingia kwa mlango wa wasanii. Ukumbi mzima ni giza isipokuwa taa moja iliyosimama katikati ya jukwaa, ile ambayo kumbi nyingi duniani huiacha ikiwaka usiku kucha. Wakongwe wa kazi hii watakuambia inawamulikia mizimu ya waigizaji wa zamani ili nao wapate zamu yao. Sababu yenyewe haina utamu huo: anayeingia wa kwanza asije akatumbukia kwenye shimo la wanamuziki, lile lililo mbele ya jukwaa. Naizima, nawasha taa za kazi, nasoma ripoti ya jana. Uzi wa shingo ya karagosi wetu wa kobe umelegea. Kiti kimoja cha safu ya nyuma kinalia mtu akikaa.

Kijana anayejifunza kazi kwetu anapita na ngazi huku akipiga mluzi. Sauti nne zinamkemea kwa pamoja, kutoka juu, chini na pembeni. Husimuliwa kwamba zamani waliovuta kamba za mandhari walikuwa mabaharia, na walipeana ishara kwa miluzi; ukipiga mluzi ovyo unaweza kushushiwa mlima wa mbao kichwani. Siku hizi tunaongea kwa hedseti na hakuna wa kukosea. Bado hapigi mluzi mtu.

Saa 4:30 asubuhi

Kikao cha ratiba ya msimu ujao. Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Mbele yetu kuna rasimu ya tangazo la maonyesho yajayo. Igizo la watoto limeandikiwa "kwa rika zote." Nauliza: rika zote zipi? Mtoto wa miaka 3 na wa miaka 10 hawaoni onyesho moja hata wakikaa kiti kwa kiti. Wa miaka 3 anafuata rangi, mwendo na wimbo unaojirudia. Baada ya dakika arobaini na ushei mwili wake unadai kusimama. Wa miaka 10 anataka kisa chenye fumbo, na akihisi anaongeleshwa kama mtoto mchanga, umempoteza. Mzazi akilisoma tangazo lile atawaleta wote wawili, na mmoja wao lazima atalia. Andikeni "miaka 3 hadi 7, dakika 50, hakuna mapumziko." Ni maneno machache, lakini mzazi anapanga nayo siku yake nzima: alale saa ngapi, apelekwe chooni lini, mdogo wake abaki na nani.

Upande wa watu wazima nako kuna uvivu wake. "Maudhui ya watu wazima" inaweza kuwa matusi, inaweza kuwa siasa, inaweza kuwa mtu anasimulia kifo cha baba yake kwa namna ya kuchekesha. Aliyefiwa wiki iliyopita anastahili kujua kabla hajakata tiketi. Vivyo hivyo taa za kupepesa haraka, hasa zile za kati ya mipepeso 3 na 30 kwa sekunde, ambazo zinaweza kumwangusha mwenye kifafa cha aina inayochochewa na mwanga. Moshi wa jukwaani na mlio wa bunduki navyo viandikwe. Kuna wasanii wanaolalamika kwamba tahadhari zinaharibu mshtuko. Sikubaliani nao. Mshtuko unaotegemea kumficha mtu jambo la afya yake si usanii.

Halafu likaja la zawadi. Mwenzetu wa matangazo, kwa nia njema kabisa, akapendekeza kila mtoto apewe kifurushi mlangoni onyesho likiisha. Nikasema hapana kabla hajamaliza. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, mwishoni mwa onyesho la mchana la watoto ilitangazwa kwamba wenye tiketi za namba fulani wangepewa zawadi wakati wa kutoka. Kule chini wengine walianza kugawiwa. Watoto wa roshani, wakihofia kukosa, wakamiminika ngazini. Mlango wa chini ulifunguka kuelekea ndani, tena ulikuwa umekomewa ukaachiwa mwanya wa kupita mtoto mmoja mmoja. Walikufa watoto 183. Baadaye Robert Alexander Briggs akabuni komeo la mlango wa dharura linaloachia likisukumwa kutoka ndani, akapata hataza yake mwaka 1892. Chuma kile cha mlalo unachokigonga kwa kiuno unapotoka sinema usiku kina ukoo na msiba ule.

Tukakubaliana vifurushi viwekwe kitini kabla ya onyesho.

Saa 6:00 mchana

Uzi wa kobe umekazwa. Nazunguka na orodha: kila karagosi kwenye ndoano yake, kila kofia kwenye meza yake iliyochorwa umbo la kofia hiyo, ili mtu gizani akipapasa ajue kilichopungua. Alama za utepe sakafuni ni za rangi mbili, kijani kwa mchana na nyekundu kwa usiku. Fundi taa ananiuliza, "Dada, usiku ule wa msituni tuufanye mweusi kabisa?" La. Watoto wadogo ukiwazimia taa zote ghafla, unasikia kilio kimoja, kisha vinne, kisha ukumbi mzima. Tunashuka polepole na kubakiza bluu.

Saa 7:25 mchana

Natangaza nusu saa. Saa ya kuanza ni 8:00, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona zimebaki dakika 35. Huo ni utaratibu wa kumbi za Uingereza ambao tumeufuata: nusu saa, robo saa na dakika tano zote hutangazwa dakika tano mapema, kwa sababu anayeanza onyesho anatakiwa awe mahali pake dakika tano kabla. Waigizaji wageni huchanganyikiwa siku ya kwanza tu.

Milango inafunguliwa. Wahudumu wanagawa mito ya kuinulia watoto. Kelele inapanda.

Saa 8:00 mchana

Natoa ishara ya kwanza ya taa na ya sauti kwenye hedseti: "Taa 1 na sauti 1, tayari." Wanajibu, "Tayari." "Taa 1 na sauti 1... sasa." Neno hilo la mwisho halitamkwi kwenye hedseti kwa sababu nyingine yoyote, ukilitaja kwenye soga, kuna mtu atabonyeza kitufe.

Wachezeshaji wa vikaragosi hawajifichi. Wamevaa nyeusi na wanaonekana waziwazi, lakini baada ya dakika mbili hakuna mtoto anayewatazama, kwa sababu wao wenyewe hawamwondolei macho karagosi. Hadhira hufuata macho ya mchezeshaji. Jambo la pili ni pumzi: kobe asiposema wala kutembea, lazima kifua chake kiendelee kupanda na kushuka kidogo. Akiacha kupumua amekufa, na safu ya mbele itakuambia kwa sauti kubwa.

Ugumu wa onyesho la watoto ni kwamba hawana adabu ya kusubiri. Mtu mzima aliyechoshwa anakohoa. Mtoto aliyechoshwa anageuka kuzungumza na aliye nyuma yake. Leo fisi anauliza, "Kobe kaenda wapi?" na ukumbi mzima unamwonyesha. Skripti ina sekunde sita za majibu hayo. Leo yanapita ishirini, kwa sababu msichana mmoja amesimama juu ya kiti na anatoa maelezo kamili ya njia. Kidole changu kiko juu ya ishara ya taa 31, nasubiri. Mchezeshaji wa fisi anamsikiliza mpaka mwisho, anamshukuru, anaelekea upande usio sahihi. Kicheko kikianza kushuka, si kikiisha, ndipo nasema "sasa."

Mara moja kwa mwezi onyesho hili tunalifanya kwa utulivu zaidi, kwa ajili ya watoto wenye usonji na wengine wanaosumbuliwa na kelele: sauti inapunguzwa, taa za ukumbi zinabaki nusu, mlango unaachwa wazi, na mtu akitaka kutoka na kurudi mara kumi hakuna anayemkodolea macho. Binafsi nalipenda hilo kuliko yote.

Saa 9:30 alasiri

Kubomoa. Msitu unapandishwa juu kwa kamba, na kila mzigo unasawazishwa na vyuma vya uzito sawa upande wa pili. Bila hivyo mtu mmoja hawezi kuvuta mti wa mbao kwa mkono. Tunafagia vikaratasi vinavyong'aa vya onyesho la mwisho, tunafagia tena, na usiku bado kimoja kitaonekana kwenye kiatu cha mchekeshaji. Chini ya viti: chupa za maji, dubu wa kitambaa, soksi za upande mmoja mmoja.

Saa 11:00 jioni

Mchekeshaji mkuu anafika na begi la mgongoni. Mandhari yake yote ni kigoda, chupa ya maji na maikrofoni ya waya. Anaikataa isiyo na waya. Anasema waya unampa kitu cha kufanya kwa mkono wa kushoto. Namwuliza swali pekee ninalolihitaji: "Kaka, neno lako la mwisho ni lipi, ili tuzime taa?" Anafikiri. "Sijalijua bado." Tunakubaliana akirudisha maikrofoni kwenye mlingoti, ndiyo mwisho.

Kwa vichekesho ukumbi unapangwa upya. Roshani inafungwa na watu wote wanakusanywa chini, mbele, wakibanana. Kicheko ni kitu cha kuambukizana: watu mia waliosongamana hucheka kuliko mia tatu waliotawanyika na viti vitupu katikati. Taa za hadhira zinashushwa kabisa, kwa kuwa mtu anayeonekana na jirani zake huchunga kicheko chake. Kule nyuma kabisa naweka taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, aliye jukwaani anajua amebakiwa na dakika tano. Wapo wanaojifanya hawaioni.

Saa 2:00 usiku

Mshereheshaji anatangulia. Watu humwona kama wa kujazia muda, lakini yeye ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, maana anawapokea wakiwa wabaridi, wengine bado wanatafuta viti, wengine wanawaza kazini. Akimkabidhi anayefuata ukumbi uliokwisha kucheka mara mbili tatu, kazi imekwisha nusu.

Katikati ya onyesho la mkuu, bwana mmoja wa safu ya tatu anaanza kurukia maneno. Mara ya kwanza mchekeshaji anamjibu, watu wanacheka. Mara ya pili anamjibu, wanacheka kidogo. Mara ya tatu nimeshamwambia mhudumu asogee, kwa sababu watu wanaanza kumtazama bwana yule badala ya jukwaa, na waliolipa hawakuja kumsikiliza yeye. Mhudumu anainama, anamnong'oneza, bwana anatulia. Jukwaani hakuna aliyeona kitu.

Taa nyekundu inawaka. Anapitiliza kwa dakika saba, zote nzuri, basi namsamehe. Maikrofoni mlingotini. "Sasa."

Saa 4:30 usiku

Naandika ripoti. Mchana: dakika 53, tatu zaidi ya zilizotangazwa, sehemu yake kwa sababu ya maelekezo ya msichana wa safu ya pili, wachezeshaji wapongezwe. Kiti kinacholia hakijatengenezwa. Dubu mmoja yuko ofisini. Usiku: saa 1 na dakika 22, mtu mmoja alitulizwa, hakutolewa.

Mchekeshaji anachungulia mlangoni, kikaratasi cha fedha kiko kwenye ncha ya kiatu chake. Amesikia habari za mchana, na anataka msimu ujao apewe siku ya familia. Nani atamkataza? Nikamwambia watoto hawatangoja mwisho wa hadithi ndipo wacheke. Wakiuona wanausema kabla yake. Akasema ndicho anachokitaka. Nimeongeza mstari chini ya ripoti: "Ameomba onyesho la familia. Kabla ya tarehe, aseme umri."