Nilivyochagua programu ya kuigiza nishati ya jengo

Swali langu lilikuwa moja: maktaba ya ghorofa mbili inaweza kukaa bila kiyoyozi, madirisha yakifunguliwa usiku ili zege lipoe? Msanifu alitaka jibu kabla ya kukamilisha michoro.

Nilianza na programu yenye picha za kupendeza. Siku mbili jengo lote likawa limeingia, rangi kwa rangi. Kisha nikaongeza ukubwa wa madirisha mara mbili, na joto la ndani wakati wa usiku halikubadilika kama nilivyotarajia. Nikachimba hadi nikaona sababu: hewa ya kuingia ilikuwa kiwango kimoja kilichoandikwa tangu mwanzo. Upepo haukuhesabiwa kabisa. Kwa jengo la viyoyozi ingenitosha. Kwa swali langu haikuwa na msaada.

Tangu hapo niliacha kuuliza ipi ni bora, nikauliza ipi inahesabu kile ninachotaka kujua. eQUEST ni ya bure na ni nyepesi, lakini injini yake ya DOE-2 hukokotoa mzigo wa joto kwanza, kisha mitambo, hatua kwa hatua, nami nilitaka joto la chumba na hewa vijibizane. TRNSYS ina nguvu sana kwenye mifumo ya maji moto ya jua, ambayo sikuwa nayo. Nikabaki na EnergyPlus, iliyotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2001, nayo ni bure.

Kabla ya kuiamini nilijenga ndani yake kisanduku kinachotumika kupima programu hizi katika ASHRAE 140, kiwango cha chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi cha Marekani: mita 8 kwa 6, kimo 2.7, na vioo vya mita 12 za mraba upande wa kusini. Bila kipoza hewa, chenye kuta nyepesi, kilipanda zaidi ya nyuzijoto 60. Nikaweka zege kwenye kuta na sakafu, kilele kikashuka hadi 40 na ushei, kama inavyotakiwa. Hapo nilipata imani, maana zege ndilo lililobeba swali langu lote.

Sehemu ya mtiririko wa hewa niliiandika kwa mkono ndani ya faili la IDF, ambalo EnergyPlus husoma maelezo ya jengo. Ni maandishi matupu: koma kati ya thamani, nukta mkato mwishoni. Nukta mkato moja iliyokosekana ilinipotezea jioni nzima, hadi nikajizoeza kufungua eplusout.err, faili la makosa na maonyo, kila baada ya kuendesha, hata matokeo yakionekana mazuri.

Mwaka mzima, saa 8,760, ulipokwisha kukokotolewa, ghorofa ya chini ilikuwa salama. Ya juu ilizidi nyuzijoto 28 kwa saa nyingi mno. Nikaweka vivuli juu ya madirisha ya magharibi, nikaendesha tena, na saa hizo zikashuka chini ya kikomo tulichokubaliana na msanifu. Vivuli vikaingia kwenye michoro.