Chapati za mama na ile "s"

"My mother she is sell chapati."

Sentensi hiyo niliikuta wiki iliyopita kwenye daftari la binti mmoja ninayemfundisha barazani kwangu hapa Tanga. Wako tisa. Wamemaliza la saba, Januari wanaingia kidato cha kwanza, ambako baiolojia, jiografia, hesabu, vyote vitageuka Kiingereza kwa siku moja. Wazazi wameniomba niwanoe kidogo. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi tayari, nikaiweka chini.

Hebu isome tena polepole. "Anauza": a ndiye "she", na ndiyo "is", uza ndiyo "sell". Mtoto huyu hakubahatisha. Amelichambua neno kipande kwa kipande, hakuacha hata kimoja. Kilichomponza ni umakini.

Miaka mingi ningepiga mstari na kuandika "grammar!" pembeni, basi. Ndivyo nilivyofundishwa. Shuleni kwetu ukikutwa unaongea Kiswahili ulivishwa kibao shingoni mpaka umnase mwenzako. Nilichojifunza pale ni kunyamaza. Kiingereza kilikuja baadaye sana.

Siku hizi naandika ubaoni a-na-uza, tunaulizana kila kipande kina kazi gani. Kwetu "mama" akishatajwa, ile a inamtaja tena. Kwao mara moja imetosha: umesema "my mother", "she" apumzike. Na kwa kuwa chapati anauza siku zote, ni "sells".

Hiyo s ndiyo inayotutoa jasho. Wakishaizoea wanaibandika kila mahali: "She does not sells." Hapo nawauliza, kukanusha "anauza" tunasemaje? "Hauzi!" wanaitikia wote. Haya, ile na imekwenda wapi? Kimya. Hakuna hata mmoja anayesema "hanauza", na hakuna aliyewahi kuwakalisha akawafundisha hivyo. Basi Kiingereza nacho kikikanusha kinahamisha vyombo: s inatoka kwa "sell", inakwenda kukaa kwenye "does". Ni moja tu, haiwezi kulala nyumba mbili.

"A" na "the" nilikuwa naziogopa hata mimi. Dawa nimeipata kwenye hadithi za bibi: "Paliondokea mzee. Mzee yule alikuwa na mbuzi. Mbuzi yule..." Yule mzee wa kwanza, ambaye bado hatumjui, ni "an old man". "Mzee yule" ni "the old man". Haitibu kila kitu, maana jua ni "the sun" hata ukilitaja mara ya kwanza, lakini inawafikisha mbali. "He" na "she" tunazimaliza kwa utani: nani leo kamgeuza bibi yake mwanaume?

Kwenye kuandika, nimepiga marufuku insha za kukariri, zile za "My School" zinazofanana mtaa mzima. Nataka sentensi tano za asubuhi ya leo, kisha mtu asome kwa sauti. Pumzi ikimkatikia na nukta hajaiona, wenzake wanapiga kofi moja. Siku ya kwanza kijana mmoja alienda nusu ukurasa kwa "and", "and", "and", mpaka akakohoa.

Jana mama yake yule binti alipita jioni na beseni lake.

"Mwalimu, nasikia Kiingereza unawafundisha kwa Kiswahili?"

"Ndiyo, dada. Karibu ukae."

Nikamwambia binti amsomee. Akasimama: "My mother sells chapati. She goes to the market every morning." Mama akauliza maana yake, akaelezwa. Akafikiri kidogo.

"Na maandazi mbona hukuyaandika?"

Leo asubuhi daftari limerudi na sentensi mpya chini kabisa, kwa mwandiko mzuri: "She is sell maandazi also."