Kibaraza cha Mapukutiko: Kila Kitu Kinategemea Maji

Wiki ya kwanza ya Oktoba, Minnesota, Marekani. Miti ya mepo imeshakuwa nyekundu na kila kibaraza mtaani kina boga la mapambo. Nayapenda sana majira haya, na naamini nyumba inapendeza zaidi kwa vitu vya shambani kuliko plastiki za dukani. Ila vitu vya shambani vina masharti, na karibu yote yanahusu maji: boga huuawa na unyevu, ua huuawa na kiu, jani huvunjika kwa sababu maji yameliishia.

Nianze na boga, maana ndilo watu wanalolipia pesa nyingi na kulipoteza mapema. Chagua lenye ganda ambalo ukucha hauingii, na kikonyo kikavu kilichoshika barabara. Usilibebe kwa kikonyo. Kikichomoka huacha kidonda, na uozo huingilia hapo hapo. Ukifika nyumbani futa matope, kisha lipanguse kwa maji ya lita 4 yenye kijiko kikubwa kimoja cha jiki, ulikaushe kabisa kwa taulo, hasa kwenye mikunjo ya kuzunguka kikonyo. Usiliketishe juu ya saruji tupu wala zulia. Weka vipande viwili vya ubao chini yake hewa ipite. Uozo hupenda kuanzia kitakoni, mahali usipopaona, kwa hiyo ligeuze kila baada ya siku chache na ubonyeze kwa kidole. Pakibonyea, liondoe siku hiyo hiyo kabla halijavuja na kuambukiza mengine.

Boga zima, mahali pakavu penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, huweza kukaa miezi miwili au zaidi. Baridi ya kugandisha ni jambo jingine: maji yaliyo ndani ya nyama yakiganda kisha yakayeyuka, boga hulegea lote. Utabiri ukisema usiku utashuka chini ya nyuzi 0, ingiza maboga ndani.

Boga la kuchonga, lile linalotobolewa sura na kuwekwa taa ndani, hudumu siku chache tu, pengine wiki. Kwa hiyo chonga siku mbili kabla ya Halloween, sherehe ya tarehe 31 Oktoba, si mapema. Tundu la kuingiza taa likate nyuma au chini, kwa sababu mfuniko wa juu hunyauka, hupungua na kutumbukia ndani. Tumia taa ndogo ya betri. Mshumaa hupika nyama ya boga, na karibu na mabua makavu ya mapambo ni hatari ya moto. Yaliyobaki mazima yatakupeleka hadi Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba.

Majani ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote. Okota yaliyoanguka leo, ambayo bado ni laini. Changanya sehemu 1 ya gliserini na sehemu 2 za maji kwenye sinia, yalaze bila kupandana, weka sahani juu yazame, uyaache siku 3 hadi 6. Gliserini huchukua nafasi ya maji ndani ya jani, na kwa kuwa haikauki hewani, jani hubaki laini kama ngozi, ukilikunja halivunjiki. Rangi hukolea kidogo. Yaliyokaushwa kitabuni yanafaa kwenye fremu tu, kwa sababu yakiguswa yanapukutika.

Kwa shada la mlangoni, funga majani hayo matatu matatu kwa waya mwembamba kwenye duara la mizabibu. Yote yaelekee upande mmoja, kila kifungu kifunike vikonyo vya kilichotangulia. Gundi ya kuyeyusha huwa ngumu kwenye baridi na huachia mlango ukipigwa kwa nguvu. Waya hauachii.

Krisanthemamu za vyungu, maua ya majira haya, zinunuliwe zikiwa na matumba yaliyoanza tu kuonyesha rangi. Inua chungu: kikiwa chepesi, kina kiu. Udongo uliokauka sana hukataa maji, yakapita pembeni na kutoka chini huku mizizi ikiwa mikavu. Kiketishe kwenye beseni la maji nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Msimu ukiisha, maboga madogo matamu yaliyobaki mazima na magumu yaoshe, yamenye, uyapike kwa tui, sukari na iliki. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzi, hayanogi. Vibuyu vya mapambo usivipike kabisa, uchungu wake huumiza tumbo. Na boga lililopakwa rangi lisiingie jikoni wala kwenye mboji.