Picha Inayobaki Nyuma: Nilivyounganisha Dansi, Kamera na Projekta kwa Muhula Mmoja

Kozi ninayofundisha huwakutanisha wanafunzi 8 wa dansi na 4 wa kompyuta kwa wiki 14, na matunda yake ni onyesho la dakika 12. Kamera inamfuata mchezaji, kompyuta inachora kutokana na mwendo wake, projekta inautupa mchoro huo ukutani au juu ya mwili wake. Jambo lenyewe si geni: mwaka 1965 wachezaji wa Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, walikuwa tayari wanabadilisha sauti jukwaani kwa kupita karibu na antena na kukatiza miale ya mwanga. Siku hizi vifaa vimekuwa rahisi. Kilicho kigumu bado ni muda.

Kabla hata mtu hajavua viatu, napima picha inachelewa kiasi gani. Mwanafunzi anasimama mbele ya ukuta na kushusha mkono ghafla. Simu inarekodi kwa fremu 240, yaani picha tuli 240, kwa sekunde, mkono na picha yake vikionekana pamoja. Kisha tunahesabu fremu, tangu mkono uanze kushuka hadi ule wa ukutani uanze. Fremu moja ni kama milisekunde 4, kwa hiyo fremu 24 ni milisekunde 100. Tunarudia mara 5 na kuchukua wastani.

Milisekunde 100 zinasikika kidogo, lakini mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde tayari ameiacha picha yake sentimita 12 nyuma. Mkono unaorushwa kwa mita 5 kwa sekunde unaiacha nusu mita. Kama ulikusudia mwanga utue kwenye mkono, sasa mwanga uko ukutani na mkono uko gizani.

Uchelewaji huo hautoki mahali pamoja. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hula milisekunde 33 kwa kila fremu; ya fremu 60 hula 17. Projekta nayo huchelewa zaidi inaponyoosha picha iliyopinda, kwa hiyo naining'iniza sawasawa, nazima marekebisho hayo, na kuiweka kwenye hali ya michezo ya video kama inayo. Lakini mwizi mkubwa huwa ni programu yenyewe. Wanafunzi wa kompyuta hawapendi kuona picha ikitetemeka, basi huilainisha kwa kuchukua wastani wa fremu kadhaa. Wastani wa fremu 10, kamera ikiwa ya fremu 60, unaongeza karibu milisekunde 75. Nawaambia wapunguze hadi 3 na wavumilie mtetemo kidogo. Jicho la mtazamaji husamehe mtetemo upesi kuliko kuchelewa.

Sifuri haifikiwi. Kinachobaki kinatatuliwa na miondoko, na hapa ndipo dansi inapoifundisha kompyuta. Picha inayotakiwa kulingana na mwili tunaiwekea mwendo wa polepole. Kwenye mwendo wa kasi tunachora kitu ambacho kwa asili hubaki nyuma, kama vumbi au mkia wa mwanga, na hapo hakuna anayeona kosa. Ninachokipenda kuliko vyote ni kusimama ghafla. Mchezaji anazunguka, anakata mwendo, kiganja wazi, pumzi imeshikwa. Mwanga unafika baada yake na kutua kiganjani. Huwezi kulipata tendo hilo kwa mfumo usiochelewa. Lakini lazima asimame kabisa, maana bega likiendelea kuyumba hata kidogo, mwanga nao unayumba na tendo linapotea.

Tatizo la pili ni kamera kuiona picha ya projekta na kuanza kuifuata badala ya kumfuata mtu. Dawa yake ni taa za infraredi za nanomita 850, ambazo mwanga wake jicho karibu haliuoni, na kichujio mbele ya lenzi kinachozuia mwanga wa kawaida. Kuanzia hapo taa za jukwaani ziwe za LED. Zile za zamani za waya unaowaka hutoa infraredi nyingi na kuipofusha kamera. Nguo nazo hudanganya. Suruali mbili nyeusi zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuonekana mbele ya kamera hiyo, moja nyeupe na nyingine nyeusi, basi kila kitambaa kinajaribiwa kabla ya kushonwa. Kebo ya kawaida ya USB isizidi mita 5, la sivyo picha hukatikakatika. Naiweka kompyuta karibu na kamera na kuacha kebo ndefu iende kwenye projekta.

Kwa upande wa ufundishaji, hatari ni programu kukamilika wiki ya 11 wakati wachezaji wamefanya mazoezi miezi miwili mbele ya ukuta mtupu. Sharti langu ni kwamba kufikia wiki ya 3 kuwe na kitu ukutani, hata kama ni duara moja jeupe linalomfuata mtu. Wa kompyuta wanapasha mwili joto na wenzao dakika 20 kila kipindi, na wa dansi wanajifunza kubadilisha wenyewe namba tatu: ulaini, ukubwa na kiwango cha giza. Wiki ya 12 programu inafungwa. Baada ya hapo zinaguswa namba tu. Alama 40 zinatoka kwenye daftari la mazoezi, 30 kwenye onyesho, 30 kwenye maandishi. Daftari zuri lina mistari kama huu: "Picha inaruka mchezaji akilala chini, kamera iko mbele na miguu inaficha kiwiliwili, tuijaribu juu ya dari."

Dakika 15 kabla ya watu kuingia, jukwaa linaachwa tupu na kompyuta inapiga upya picha ya mandhari ambayo itakuwa inailinganisha na kila fremu. Ile ya jana haifai. Pazia likiwa limesogezwa hata kiganja kimoja, kompyuta italihesabu kuwa mtu na kulifuata onyesho zima.