Mkeka Uliochanwa na Timu Moja

Kibanda changu cha uwakala wa kubeti mechi kipo Mbagala Rangi Tatu, pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Ijumaa jioni vijana wanapanga foleni, kila mmoja na mkeka wake, yaani orodha ya timu anazobashiri kwa pamoja; moja ikikosea, wote umechanika. "Dada, niwekee buku mbili, leo mkeka unatiki." Shahada yangu ya saikolojia ipo nyumbani kabatini, ila foleni hii ndiyo inayonikumbusha niliyosoma.

Watu husema wanafuata hela tu. Sikubali. Kuna mteja wangu alishinda kwa mechi ambayo kijiwe kizima kilijua mapema matokeo yake. Akatoa hela kimya kama anayepokea chenji. Siku nyingine timu moja kati ya nane ikamchania mkeka, na usiku uleule akarudi kuweka mara mbili. Aliyeshinda kapoa, aliyeliwa ndiyo kwanza kapamba moto!

Kupoa kwake naweza kukueleza. Mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, katika ubongo wa kati wa tumbili. Tone la juisi likija bila kutarajiwa, seli zinalipuka. Tumbili akishajua kwamba ishara fulani huleta juisi, zinalipukia ishara. Juisi yenyewe ikifika, wala hazishtuki. Juisi isipokuja, mdundo wao unashuka palepale ilipotarajiwa. Mwaka 1997 yeye, Peter Dayan na Read Montague waliandika kwamba seli hizo zinabeba tofauti: ulichopata, toa ulichotarajia. Hesabu ya namna hiyo wataalamu wa kompyuta Richard Sutton na Andrew Barto walishaitumia kufundishia kompyuta.

Sasa aliyechaniwa? Kwa hesabu hiyo alipaswa kukata tamaa. Hapa namkumbuka mwanasaikolojia Luke Clark, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliwachezesha watu mfano wa mashine ya kamari, kama haya madubwi ya mtaani, huku ubongo wao ukipigwa picha. Kukosa padogo kuliamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda. Wachezaji walisema inaudhi kuliko kukosa kabisa, lakini walitaka kuendelea, hasa walipochagua wenyewe alama ya kuchezea. Kwenye mkeka, timu zote unachagua mwenyewe. Mwenye biashara hiyo si mjinga hata kidogo.

Nilimweleza yote haya yule mteja huku nikimhesabia chenji. Akanisikiliza vizuri kabisa.

"Sawa dada. Sasa huyo Clark, Jumamosi anasema nimpe nani?"