Wanafunzi wangu walipoingia kwa wazee mara ya kwanza

Jana nimewapeleka wanafunzi wangu nyumba ya wazee kwa mara ya kwanza na usiku wake sikupata usingizi kabisa. Ni watoto wa haiskuli hapa Texas, miaka 16, 17, wanasomea CNA, yaani wauguzi wasaidizi. Sheria ya Marekani tangu 1987 inadai mafunzo ya saa 75 kwa uchache, Texas wanataka 100, 60 za darasani na 40 za kuhudumia wagonjwa wenyewe. Darasani tunatumia mdoli, na mdoli haumii wala haoni aibu.

Watu wanadhani hii ni kazi ya kubadilisha pampasi tu, hata baba wa binti mmoja alinipigia, akasema mwalimu, mimi nataka mtoto awe daktari, si kuosha wazee. Nikamwambia baba, njoo siku moja uone anachojifunza.

Mfano kumvalisha shati mtu aliyepigwa na kiharusi, unaanza na mkono uliopooza, halafu ule mzima, kuvua ni kinyume, mzima kwanza, ukikosea unamvuta bega unamuumiza. Na kabla hujamgusa ushabisha hodi, ushanawa mikono, ushajitambulisha, ushavuta pazia, ushamuuliza leo anataka shati gani. Ukimaliza unashusha kitanda na kumwekea kengele ya kuita msaada mkono wake ule wenye nguvu, maana ukiiacha upande uliopooza umemwacha peke yake.

Sasa huyo binti wa yule baba, kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, kaja huku mdogo. Wenzake wanagonga na kufungua hapo hapo, yeye aligonga akasimama anasubiri kukaribishwa kama nyumbani kwao, na bibi wa chumba kile hasemi, kiharusi kimemchukua sauti. Dakika nzima imepita, mimi niko koridoni roho juu, nikataka kumwambia ingia tu mwanangu, nikajizuia. Bibi akainua vidole viwili hivi kutoka kwenye shuka. Ndipo binti akaingia.

Akamvalisha blauzi ya bluu aliyoichagua bibi mwenyewe kwa kuionyesha kidole, mkono mbovu kwanza, polepole, vifungo vyote. Akataka kuondoka, bibi akamshika mkono akaupeleka shingoni mwake mwenyewe, kola ilikuwa imejikunja kwa ndani, binti akaitoa akainyoosha.